Udongo na kijiti masomoni

Sisi tunaoandika habari hii ni wanafunzi wa Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika. Tumo katika humanite, upande wa ualimu. Mungu akitusaidia, sisi wenyewe tutasimama karibuni mbele ya ubao na chaki mkononi. Ndiyo sababu neno hili linatugusa mara mbili: kama wanafunzi wa leo, na kama walimu wa kesho.

Neno lenyewe ni hili. Katika mwaka wa masomo 2023-2024 walimu wetu walipatana wafundishe kwa namna nyingine. Si kwamba waliacha madaftari, hapana. Lakini katika kila somo walitupa kazi moja ya kutengeneza kitu kwa akili na mikono yetu: ramani ya udongo, chombo cha kupimia maji, mchezo wa kuigiza, kitanda cha kukaushia samaki. Mwalimu wa jiografia aliziita kazi za kubuni. Watu wa mtaani walizipa jina lingine: michezo.

Hatuwalaumu. Tangu 2019 masomo ya msingi ya Serikali ni bure katika Kongo, lakini humanite bado hulipiwa, na baba anayevua samaki ao mama anayeuza unga sokoni huhesabu kila franka. Mzazi mmoja alikuja masomoni, akatukuta tumejaa udongo hata viwiko, akasema: « Kumbe ninalipa feza ili mtoto wangu afinyange vyungu? Nkambo wake alifinyanga bila kulipa. » Tulicheka, lakini maneno yake yalikuwa na uzito. Tena, mwisho wa humanite kuna Eksameni ya Serikali. Pale sehemu kubwa ya maulizo ni ya kuchagua jibu moja kati ya majibu yaliyoandikwa tayari. Hakuna anayekuuliza kama unajua kufinyanga ziwa. Basi kazi hizi zina faida gani? Tutasema tuliyoyaona, mazuri na mabaya.

Tuanze na ramani, kwa sababu ndiyo iliyotugombanisha zaidi. Mwalimu alileta mlango wa zamani, akaulaza chini, akasema: « Ziwa zima liingie humu, pamoja na milima yake. » Ziwa letu lina urefu wa karibu kilometa 670. Tukapatana kwamba sentimeta moja iwe kilometa 5. Hivi ziwa likawa na sentimeta 134, na pale lilipo pana zaidi, yaani karibu kilometa 72, likawa na sentimeta 14 tu. Mpaka hapo hakuna aliyekasirika.

Kisha tukafika kwenye kina. Tangu masomo ya msingi kila mtoto wa hapa anajua kuimba kwamba ziwa Tanganyika ni la pili duniani kwa kina, nyuma ya Baikal la Urusi, na kwamba kutoka juu mpaka chini kabisa ni meta 1.470. Mmoja wetu alikuwa amekwisha kuchimba katika udongo shimo la kumeza mkono. Mwalimu akamwambia: « Piga hesabu kwanza. » Tukapiga hesabu sote. Kwa kipimo kile kile, meta 1.470 ni karibu milimeta 3. Milimeta tatu! Na mlima wa meta 2.000 ungekuwa na milimeta 4, kama kipele juu ya ngozi. Tulirudia hesabu mara tatu, kwa sababu hakuna aliyetaka kuiamini.

Hapo ugomvi ukaanza. Wengine walisema: « Tufanye milimeta tatu, maana ramani ikisema zaidi inasema uwongo. » Wengine walijibu: « Ramani isiyoonekana ni ramani ya nani? » Siku mbili tulibishana, hata wakati wa kula. Mwisho tulikata shauri la kutumia vipimo viwili: kwa urefu na upana sentimeta moja ni kilometa 5, lakini kwa kwenda juu na kwenda chini sentimeta moja ni meta 200. Ziwa likapata kina cha sentimeta 7 na zaidi kidogo. Na pembeni ya mlango tuliandika kwa rangi nyeupe: « Milima na kina vimekuzwa mara 25. » Tangu siku ile, tunapofungua ramani yoyote kitabuni, macho yetu hutafuta kwanza kipimo chake. Zamani tulikuwa tunapita juu ya kile kistari cha chini kana kwamba ni uchafu wa mashini.

Jambo lingine tuliloliona kwa kufinyanga ni njia za maji. Mito mingi inaingia ziwani: Ruzizi ukitoka ziwa Kivu, Malagarasi ukitoka Tanzania, na vijito vingine visivyo na hesabu. Lakini mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, nao unatoka hapa hapa kwetu, kwenda kuungana na Lualaba. Tulikuwa tunavuka Lukuga kila juma bila kuwaza neno. Tulipouchora kwa kidole katika udongo laini, tukaona jinsi mlango ule ulivyo mwembamba mbele ya ziwa lote. Kwa kweli sehemu kubwa kabisa ya maji haitokei hata kwa mlango huo. Jua ndilo linaloyachukua kuwa mvuke.

Mnataka kujua vifaa? Hatukununua kitu isipokuwa rangi nyeupe. Udongo tuliutoa bondeni, rangi nyekundu ni udongo wa kilimani uliochekechwa, nyeusi ni makaa yaliyosagwa. Gundi ilikuwa uji wa unga wa mihogo. Mama wa mwenzetu mmoja alituuliza: « Unga huu ni wa bukari ao ni wa kubandikia karatasi? » Tangu siku hiyo tulitumia unga uliomwagika kinuni.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa mambo yaligeuka kuwa makubwa kuliko tulivyowaza. Mwalimu wa hesabu alituomba tutengeneze chombo cha kupimia kitu chochote, tena kitu kinachobadilika kila siku. Wengine walitaka kupima mvua, wengine kivuli cha mlingoti. Watoto wa wavuvi walisema: « Tupime ziwa. » Tukakata kijiti cha mkaratusi, tukakitia alama kila sentimeta kwa kisu cha moto, tukakifunga kwenye nguzo ya gati ya zamani.

Lakini ziwa halitulii! Wimbi moja likija, kijiti kinaonyesha 40. Likirudi, kinaonyesha 31. Siku za kwanza kila kikundi kilileta hesabu yake, na kila kimoja kiliapa kwamba ndiyo ya kweli. Mwalimu hakutupa jibu. Alituacha tuhangaike juma zima. Halafu mwenzetu mmoja akaleta bomba pana la plastiki, akalitoboa matundu madogo upande wa chini, tukalisimamisha maji yaingie polepole, na kijiti ndani yake. Mawimbi yakapiga nje, ndani maji yakatulia karibu kabisa. Tena tulisoma mara kumi kila asubuhi, tukajumlisha, tukagawanya kwa kumi. Wastani tuliusoma zamani katika kitabu, na tulijua kuupata. Kwa nini mtu autafute, hilo hatukulijua mpaka asubuhi zile za baridi, miguu majini.

Kisha mwalimu akauliza: « Sentimeta moja ni maji kiasi gani? » Tulidhani ni ulizo jepesi. Uso wa ziwa ni karibu kilometa 32.900 za mraba. Ukiweka juu yake maji ya unene wa sentimeta moja tu, unapata meta za ujazo milioni 329. Kila meta ya ujazo hujaza bido 50 za litri 20, zile ambazo dada zetu hubeba kichwani. Zidisheni wenyewe: ni bido milioni 16.450. Kalasi lilinyamaza. Tangu hapo aliyekuja na habari kwamba ziwa limepanda sentimeta 2 hakuisema tena kwa kupiga miluzi.

Na ziwa lilipanda. Kila mwaka hupanda katika majira ya mvua na kushuka wakati wa kiangazi, hilo si ajabu. Lakini mvua za mwaka ule zilizidi, na ziwa lilikuwa juu tangu 2020 na 2021. Kila asubuhi tuliandika hesabu ubaoni na kuongeza nukta moja katika mchoro mrefu tuliobandika ukutani. Mstari ulipanda, ukapanda. Katika mwezi wa nne na wa tano 2024 maji yaliingia katika nyumba za ufukoni hapa Kalemie, vilevile Uvira, na hata ng'ambo, Bujumbura. Watu wengi waliacha nyumba zao. Ninyi mnaokaa kandokando ya ziwa mnayajua, hatuna haja ya kuwaeleza harufu ya nyumba iliyolala majini.

Wakati huo mwalimu wa historia alifanya jambo la busara. Alitutuma kwa wazee na ulizo moja tu: je, mliwahi kuona hivi? Tulikwenda wawili wawili, tukasalimu, tukakaa chini, tukasubiri. Mzee haulizwi mlangoni. Wazee waliokuwa vijana katika miaka ya 1960 walituonyesha kwa fimbo mahali ambapo maji yalifika mwaka 1964, wakati mji huu ulikuwa bado unaitwa Albertville. Wengine walitofautiana, mmoja alionyesha mti, mwingine akasema mti ule haukuwa umepandwa. Tuliandika maneno yote mawili. Baadaye mwalimu alitusomea habari za wasafiri wa Ulaya. Cameron alifika Lukuga mwaka 1874, akakuta mlango wake umezibwa na majani na magugu. Thomson alifika mwisho wa 1879, akakuta maji yanakwenda kwa nguvu. Katikati ya miaka hiyo ziwa lilikuwa limejaa, likapasua kizuizi chake. Basi kumbe maji haya yana desturi yake, nayo ni ndefu kuliko maisha ya mtu mmoja.

Katika kalasi letu alikuwamo binti mmoja, mtoto wa mvuvi. Nyumba yao ilikuwa karibu na maji. Yeye ndiye aliyekuwa anasoma kijiti siku ya posho. Katika mwezi wa tatu alinakili mchoro wetu katika daftari, akaupeleka kwa baba yake. Alipima kwa kamba kutoka alama ya kijiti mpaka kizingiti cha mlango wao, akamwonyesha: « Baba, mstari ukiendelea hivi, kabla ya Pentekoste tuna maji chumbani. » Baba hakujibu. Jioni nkambo mwanamke akasema kwamba mwaka wa 1964 walingoja mpaka mbuzi wakafa. Juma lililofuata walihamisha vitu kwa mjomba, juu kilimani. Majirani waliwacheka: wanakimbia kijiti! Maji yalifika kizingitini kabla ya siku aliyoitaja.

Tumebishana sana juu ya jambo hilo. Wengine wetu husema kijiti ndicho kilichowaokoa. Wengine: nkambo. Sisi tunaoandika twaona kwamba baba yule asingesikia kijiti pasipo nkambo, wala nkambo asingeulizwa pasipo kijiti. Lakini majirani walikuwa na nkambo zao nao, na mchoro wetu ulikuwa umebandikwa ukutani kwa wote, hawakuhama. Hili bado linatusumbua. Kujua ni kitu kimoja, na kuwa na mjomba mwenye nafasi kilimani ni kitu kingine.

Historia ilitupa kazi nyingine pia: kutengeneza mashua mbili za bati. Mnazijua? Katika vita vya kwanza vya dunia Waingereza walileta mashua mbili ndogo za vita, Mimi na Toutou, kwa meli mpaka Afrika ya Kusini, kisha kwa reli, kisha zikakokotwa na mashini na ng'ombe kupita milima ya Katanga, mpaka zikafika hapa mwaka 1915 kupigana na Wajerumani ziwani. Vijana walifurahi sana kukata makopo ya maziwa na kupaka masizi. Lakini mmoja aliuliza: « Ni nani aliyekata njia mlimani, ni nani aliyejenga madaraja? » Walikuwa watu wa inchi hii. Tulitafuta jina hata moja katika vitabu tulivyokuwa navyo, hatukulipata. Jina la mkubwa wao Mwingereza, Spicer-Simson, limo. Basi tuliongeza mbele ya mashua za bati msururu wa watu wa udongo wanaovuta kamba, wengi kadiri mlango ulivyoweza kubeba. Wageni wakija, huangalia mashua kwanza. Sisi tunapenda watu wa udongo.

Juu ya fizikia hatutasema mengi: tulitengeneza pangaboi la bati lizungushwe na upepo, likazunguka vizuri, upepo wa ziwa ukalichukua usiku.

Biolojia ilikuwa na manufaa yaliyoonekana upesi. Tulijenga kitanda cha miti na wavu, kimeinuliwa usawa wa kiuno, tukaweka ndagala juu yake; ndagala wengine tukawaanika mchangani kama desturi. Tulipima uzito asubuhi na jioni. Wa kitandani walikauka upesi zaidi, maana hewa inapita juu na chini, na walipoliwa hawakutia mchanga menoni. Mvua ikija unafunika kitanda. Mchanga huwezi kuufunika. Mama zetu walitazama, hawakusema kitu, na majuma machache baadaye tuliona vitanda viwili mtaani. Wale wa Bukavu wanaojivunia sambaza zao wajue vilevile: samaki yule alitolewa katika ziwa letu na kutiwa Kivu mwisho wa miaka ya 1950.

Katika lugha, kazi ilikuwa kuandika mambo ya kwetu kwa maneno yetu, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa. Wengi walidhani ni kazi rahisi kuliko zote. Lakini jaribuni kuandika namna ya kushona wavu kwa mtu asiyeuona! Mwalimu alitukumbusha habari za Stefano Kaoze, mtoto wa upande huu wa ziwa, ambaye alikuwa bado mwanafunzi wa seminari alipoandika juu ya mawazo ya watu wake. Maandiko yake yalipigwa chapa mwaka 1910 na 1911. Baadaye, mwaka 1917, akawa padri wa kwanza wa Kongo. Wote humjua kama padri. Wachache hukumbuka kwamba kwanza alikuwa mwanafunzi aliyepewa karatasi na kuambiwa: andika unayoyajua.

Tulisema tutataja na mabaya. Kazi hizi hula wakati. Wenzetu wawili walikuwa nyuma katika Kifaransa, na udongo haukuwasaidia. Mabinti walijikuta mara nyingi wakipika gundi na kufagia, wavulana wakishika kisu na rangi, mpaka binti mmoja alipoweka ufagio chini na kusema sasa ni zamu. Na kuna ubaya mwingine mbaya zaidi. Tulitembelea maonyesho ya kazi za wanafunzi wa mahali pengine, hatutapataja. Tuliona nyumba ndogo ya mbao yenye madirisha ya kioo na taa, nzuri ajabu, nayo ilipata pointi za kwanza. Fundi seremala aliyeitengeneza alikuwa amesimama karibu nayo, akieleza bei yake. Mtoto wa maskini aliyesuka kikapu chake mwenyewe alipata nusu. Kwetu mwalimu alikata mambo mapema: kitu chochote kilichonunuliwa kinaondoa pointi, na kila mmoja ataulizwa peke yake, bila karatasi, kwa nini alifanya hivi na si vile. Ulizo hilo ndilo lililotutoa jasho kuliko udongo.

Na Eksameni ya Serikali? Iko bado mbele yetu sisi wengine, tunaisomea usiku kama watu wote. Hatudai kwamba kijiti kitatupa dipluma.

Sasa tumetumwa kufanya mazoezi ya ualimu katika masomo ya msingi. Kalasi tulilopewa lina watoto zaidi ya 60, wanakaa wanne wanne kwenye benchi moja. Tulitaka wafinyange mto Lukuga. Tuliwagawanya vikundi kumi, tukahitaji ndoo kumi za udongo, tukapata tatu. Na mvua ilipoanza hapakuwa na mahali pa kuanika. Mwalimu wa kalasi, mtu wa miaka mingi, alitutazama kwa huruma, akatuambia: « Watoto wangu, pelekeni kalasi ufukoni. » Juma lijalo tutakwenda na watoto thelathini asubuhi na thelathini mchana. Mchanga wenye maji hauhitaji kuanikwa, na Lukuga wenyewe utakuwa mbele yao.